Kamera Ndogo ya Kumtafuta Soumaya

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Faili za watoto wa mafuriko zinafungwa tarehe 30 mwezi huu. Amesema Valéry, msimamizi wa kituo cha mayatima huko Gitega, kwa simu, leo asubuhi. Mtoto ambaye hajadaiwa hadi siku hiyo atapewa familia mpya na jina jipya.

Sikumwambia kwa nini nauliza. Raihana alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama mdomo.

Raihana alikuwa jirani yangu zamani, kabla hajahamia Buterere. Sasa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, mtaani Cibitoke, analala kwa dada yake. Miaka mitano iliyopita maji yalibeba nyumba yake ya Buterere alfajiri. Binti yake Soumaya alikuwa na miaka minne. Mwili haukuonekana. Wiki iliyopita Raihana alimwona kwenye televisheni — kikundi cha ngoma cha kituo hicho, msichana wa tatu kwenye mstari, chale mbili juu ya jicho la kushoto. Picha ilidumu kiasi cha kupiga chafya.

— Mi nilimuzaa, we Mwantum. Sitamujua?

Nilimwambia huo si ushahidi. Akasema anajua. Akalia kidogo, akaacha, akauliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempigia Valéry tena, safari hii nimesema ukweli wote. Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, nilisikia kwenye sauti. Akasema baada ya mafuriko akina mama walikuja kwa makundi, wawili wakamshika mtoto mmoja, mmoja huku, mmoja huku, mtoto akapiga kelele mpaka akazimia. Tangu siku hiyo haonyeshi mtoto kwa mtu. “Madame, machozi si ushahidi. Niletee kitu ninachoweza kukiweka mezani, nizuie faili isifungwe, niombe kipimo cha damu. Bila hicho, apana.”

Picha za Soumaya zilikwenda na maji. Cheti pia. Raihana hana hata kiatu cha mtoto.

Lakini kikundi kinakuja kucheza hapa Bujumbura, uwanjani, Jumamosi tarehe 15, saa tisa. Watoto wanatoka kwenye basi, wanacheza, wanarudi kwenye basi. Hakuna kukaribia. Kamera za kazi hakuna — lenzi inayochomoka hairuhusiwi, miguu mitatu ya kusimamishia kamera hairuhusiwi, kadi yangu ya uandishi wa habari haifungui mlango. Mwaka jana mtu alipiga picha nyuso za watoto akaziweka mtandaoni kuombea fedha. Sheria nzuri! Ningeiandika mimi mwenyewe.

Simu ruhusa. Kamera ndogo za familia ruhusa.

Jioni nilipima simu yangu kwa bango la duka ng'ambo ya barabara. Herufi zinasomeka. Uso wa muuzaji chini yake: uji.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa Jaffar, mjini. Babu yake alikuja kutoka Omani na vitambaa. Yeye amebaki na redio, saa, na kamera ambazo hakuna anayezinunua tena. Nilimweleza ninachotaka: ndogo, lenzi isiyochomoka, inayofika mbali. Sikumweleza sababu.

— Dada Mwantum! Umeacha mizinga yako ya lenzi? Sasa unataka ya kumpiga mume wa nani?

Ana mbili. Ya kwanza inavuta mara thelathini. Nyembamba, inaingia mfukoni, lakini jicho lake la ndani ni dogo kama punje ya dengu: mwanga ukipungua, picha inajaa mchanga. Ya pili inavuta mara nane tu. Jicho lake ni kubwa, inaona hata gizani, uso unatoka safi — lakini mdogo, na ukiukuza sana unavunjika.

Mara thelathini au mwanga. Siwezi kupata vyote. Miaka ishirini na sita ya kazi, na sikuwahi kuchagua kifaa kwa hofu.

Jaffar akaona sicheki. Akaacha mzaha. “Chukua zote mbili. Zirudi bila mkwaruzo. Na maboksi yake — usitupe boksi, mama!”

Jumamosi, 8 Novemba

Nimezipima kwenye mechi ya vijana, Cibitoke, nikiwa nimekaa mbali kama nitakavyokaa siku ile. Golikipa ana kovu kidevuni. Kigezo kizuri.

Saa tisa, jua kali: ile ya mara thelathini inaonyesha kovu na hata nyuzi za kushonea. Ile ya mara nane inaonyesha kwamba pana kitu kidevuni. Saa kumi na nusu, wingu limeshuka: ya mara thelathini inatetemeka. Haina kitundu cha kuchungulia, unaishika mbele kama mtu anayetoa sadaka, na kila mpigo wa moyo unaonekana kwenye picha. Nimepiga nyingi. Chache zinafaa.

Golikipa amekuja kuuliza kama namtafutia timu Ulaya.

Nimeamua: ya mara thelathini. Chale ni ndogo kuliko kovu. Ngoma inaanza saa tisa, mwanga utakuwepo. Mikono yangu nitaitafutia dawa.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua siku nzima. Raihana amekuja na ndagala ambazo hazikuuzika. Nimemwonyesha jinsi ya kukaa: benchi la mbele yangu, mgongo wima, mimi naweka viwiko juu ya mabega yake. Miguu mitatu imekatazwa. Mabega ya mtu hayakukatazwa.

Ni imara. Ila anapumua.

— Nisipumue?

— Nikisema, usipumue.

— Na nikimuona?

Nikamwambia hapo ndipo asipumue zaidi. Alicheka, kicheko cha kwanza tangu arudi kwangu. Kisha akauliza kama mtoto wa miaka tisa anaweza kukumbuka sauti. Nilisema sijui.

Ijumaa, 14 Novemba

Betri imejaa. Kadi tupu. Mawingu.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kabla sijavua viatu.

Mlangoni, askari aliiwasha kamera mwenyewe. Lenzi ikajitokeza — ziii! — akaruka nyuma.

— Hii pua inatoka! Mu règlement, mu sheria, apana. Hii ni ya professionnel.

— Pua imeshikana na uso, mwanangu. Ivute. Ikichomoka, chukua yote.

Akaivuta. Akaizungusha! Nilifikiria boksi la Jaffar. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele: “Sha, muache huyo mama na kakamera kake!” Akanirudishia, anacheka. Raihana alikuwa amenishika mtandio kwa nyuma, kwa nguvu kiasi kwamba pini ilinichoma.

Saa tisa: hotuba. Saa kumi: hotuba. Mfadhili alishukuru kwa Kifaransa, mkalimani akarefusha. Niliangalia mwanga ukishuka juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na sikuwa na la kufanya. Kamera ya mara nane iko nyumbani, ndani ya droo. Nimechagua vibaya, nilijua, na nilikaa hapo nikijua.

Watoto waliingia saa kumi na moja ikipita kidogo. Wasichana kumi na mbili, vitambaa vya njano. Wa tatu — Raihana alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyagwa. Nikaweka viwiko. Walikuwa wanaruka. Kila picha ukungu. Mkono ukungu, kitambaa ukungu, uso hakuna. Hakuna! Nikaacha kupiga.

Maana nimeiandika ngoma hii mara ngapi? Kabla ya kutoka lazima wasimame. Mikono juu, iliyopinda kama pembe za ng'ombe, kichwa kimeinuliwa, mpaka ngoma ya mwisho ilie. Pale hawatikisiki. Nikangoja hapo. Ngoma zikapungua. Pembe zikapanda.

— Usipumue.

Akakaa kama jiwe. Nilipiga mpaka watoto walipogeuka. Raihana hakupumua hata baada ya hapo. Ikabidi nimpige mgongoni. Nilipotazama nikaona hakuwa amemwangalia mtoto. Alikuwa amefumba macho asitikisike.

Basi likaondoka.

Jumapili, 16 Novemba

Picha moja. Katika zote, moja. Ina mchanga mwingi, lakini imetulia. Uso mzima, kidevu juu, chale mbili juu ya jicho la kushoto, kama mtu amechora mistari miwili ya kuhesabu.

Raihana aliiona kwenye kompyuta yangu asubuhi. Aligusa kioo, akafuta alama ya kidole chake, akagusa tena. “Ni pua ya baba yake,” akasema. “Ile pua niliichukia sana.”

Nilimpigia Valéry pale pale. Nina picha, nina mama, nina alama ambayo mama aliitaja kabla ya kuonyeshwa picha hii. Akasema alhamdulillahi, yeye Mkatoliki. Anakuja mjini kesho, atatupokea.

Ningeishia hapo. Lakini desturi ya kazi ni kinywa cha pili. Mtu mwingine athibitishe. Nikachapisha picha, nikaenda Gasenyi kwa Léoncie, yule bibi aliyekuwa anawachanja chale za dawa watoto wa Buterere. Raihana nilimwacha apumzike. Nashukuru kwa hilo.

Léoncie aliishika picha mbali na macho, akatabasamu.

— Ego, ndiyo. Hii ni mukono yangu.

— Unamkumbuka mtoto?

— Mutoto gani? Mwaka ule wa homa ya degedege nilikata mutaa muzima. Wote mbili, wote kushoto. Walikuwa wanapanga mustari hapa, mpaka kule kwenye mugomba. Hakuna mwenye alikufa!

Fahari tupu. Nilisimama na kalamu yangu. Raihana alikuwa na uhakika wa alama ile kwa sababu alimwona mwanawe akikatwa; hakuangalia nyuma yake kwenye mstari. Mimi nilikuwa na siku kumi na tatu za kuuliza swali moja rahisi. Nilikuwa napima kamera.

Mwanamke aliyekuwa anachagua mchele barazani akasimama. Amélie, mke wa mtoto wa Léoncie. Akaomba picha. Nilimpa — kwa nini nilimpa? Kwa sababu aliomba kwa adabu. Aliitazama. Akakaa chini, juu ya mchele wenyewe.

— Mama Léoncie, akasema. Njo uangalie pua.

Bibi alifuta macho kwa kitenge, akaangalia tena, safari hii hakuangalia kazi ya mkono wake bali uso. Akasema jina: Diane, binti wa Amélie. Maji yaleyale, alfajiri ileile, nyumba tatu chini ya ile ya Raihana. Kumbe na wao walipoteza mtoto.

Amélie hakunirudishia picha. Sikuiomba.

Niliuliza maswali yangu. Umri, unaingia. Urefu, unaingia. Alijibu yote bila kubabaika, kama Raihana alivyojibu. Wote wawili hawasemi uongo. Hilo nina uhakika nalo, na halinisaidii kitu. Damu itasema. Itampa mmoja mtoto, na mwingine itamzikia wake mara ya pili — au itawazikia wote wawili. Picha iliyoanzisha haya ni yangu.

Nimerudi. Ujumbe wa Raihana kwenye simu: avae kanga ya kijani au gauni la Idi, ipi mtoto anaweza kukumbuka? Sijajibu. Ujumbe mwingine: Amélie, namba nimempa mwenyewe. Anauliza saa ngapi na wapi.

Kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, ofisi ya kituo hapa mjini. Ofisi ni ndogo, Valéry alisema, tuje wawili tu. Nilidhani anasema mimi na Raihana; sasa kuna mama wawili.