Gobori la Babu Yake Bosi

Al-Naseem, Riyadh

Kwa kaka yangu Laban,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado anapumua ingawa jua la huku linataka kumkaanga. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwanao Valary ameacha kumlilia mamake? Mimi ni mzima, ikama, kibali changu cha kukaa huku, imefanywa upya, na gari la bosi halinisumbui. Barua hii nimempa Julius anayekuja likizo, maana kwenye simu sauti ingenisaliti.

Umeniuliza mara tatu kwa nini Eddah hakupigii wala hashiki simu yako, na mimi na mkeo tunafanya kazi nyumba moja. Nikakujibu mara mtandao, mara simu yake mbovu, mara kazi nyingi. Sasa acha nianze mwanzo, na tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Unajua starehe ya bosi ni kufufua bunduki kuukuu. Ana chumba kizima cha magobori yasiyolia tena, na kila jioni huketi chini na mafuta na kitambaa, akiyabembeleza kama watoto wachanga. Mimi humshikia taa. Lipo moja la babu yake, lina pete za fedha kwenye mtutu, na jina la huyo babu limechorwa kwenye chuma kwa herufi nyembamba mno. Kutu yake alikuwa akiitoa kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Mwaka juzi, Laban! Kwetu sisi mafundi wa jua kali hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Basi bosi akasafiri Jeddah kwa sonara, kutengenezesha pete moja ya mtutu iliyokatika. Kiherehere kikanipanda. Nilitaka arudi alikute linang'aa, afurahi, nimwombe ruhusa ya kuja kumwona Mama. Nikachukua ufunguo pale Eddah huuweka akimaliza kufagia humo, nikatwaa msasa, nikasugua mpaka weusi wote ukatoka. Mteja wa jua kali akirudishiwa chuma kisichong'aa si atakataa? Haki ya Mungu, nilijipongeza.

Kumbe alikuwa akitoa kutu tu, na ule weusi wa kale wa chuma ndio alikuwa akiulinda. Na jina lilikuwa limekwenda na msasa. Bosi hakupiga kelele. Aliketi sakafuni akipapasa pale jina lilipokuwa, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Madam akauliza ni nani husafisha chumba hicho. Eddah akajibu kwamba ni yeye, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakusema ameharibu, lakini kwao ilitosha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kaka. Nikangoja bosi anitazame ndipo niseme, na hakunitazama.

Wakaamua ahamie Jeddah kwa dadake madam, kwenye watoto saba. Dereva ni nani? Mimi! Bosi alisinzia kando yangu, Eddah yuko kiti cha nyuma. Tulipopita Taif akaniambia kwa lugha yetu, polepole, kwamba alijua tangu siku ile, kwani aliona vumbi la chuma kwenye shati langu alipolifua. Akasema alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Kisha akaniomba nifunge dirisha, vumbi linaingia.

Tuliporudi Riyadh bosi akanikabidhi ufunguo wa chumba. Anasema humu ndani mwaminifu ni mimi pekee. Wueh! Kila jioni namshikia taa. Nikisema, naona nikirudishwa nyumbani na Eddah akibaki huku bila mtu wake. Nikinyamaza, analea watoto saba kwa kosa langu. Nimeshindwa, Laban. Niambie wewe nifanye nini, nami nitafanya.

Na hili la simu. Simu yake ni nzima, nilikudanganya. Tulipoagana Jeddah alisema hatazungumza nawe mpaka nikuambie mimi, kwa sababu utamuuliza kilichomhamisha, na hataki kukudanganya wala kukugombanisha na nduguyo. Ni wiki ya tano sasa. Ukimaliza kusoma, mwandikie maneno mawili tu, kwamba Josphat amesema. Atakupigia.

Msalimie Mama na wote wa boma. Valary mwambie mamake hajamsahau. Usiponijibu sitauliza kwa nini.

Ni mimi mdogo wako,
Josphat