Kupiga Mfaume

Itetemia, Tabora
6 Machi 2023

Kwako Abbasi, Mzaramo usiye na haya,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia huku unafunua masufuria yangu. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto limeamua kuzeeka peke yake. Wewe je, unakula? Au bado mnakesha ngomani huko kwenu mkidhani ngoma inashibisha? Mvua huku zimezidi, karanga zinaoza shambani.

Nimekuandikia kwenye karatasi na kumpa Kulwa, kondakta wa basi, kwa sababu maneno ya simu yanarukia kwa watu kabla hujayamaliza. Na nina neno sitaki liruke.

Juzi sokoni nilikuwa nanunua dagaa. Watoto wawili wa shule wakagombana, mmoja akamwambia mwenzake, “Usinipigie Mfaume, wewe!” Nikadhani wanamjua mwanangu. Nikamwita yule mtoto, nikamuuliza kupiga Mfaume ni kufanya nini. Akanijibu kwa adabu zote: “Ni kukimbia, bibi. Kwenye gemu mtu akiona anafungwa anachomoa waya. Ndiyo anapiga Mfaume.” Muuza dagaa akacheka, akaongeza kwamba hata mwanamume anayempa msichana mimba kisha akatoweka, yeye pia amepiga Mfaume.

Niliporudi nikamuuliza Mfaume mwenyewe. Alikuwa anachuja asali aliyoleta Kulwa kutoka Sikonge. Akasema, “Achana nalo, mama.” Asali ikafurika chombo, hakuona.

Abbasi, nasikia wewe ndiye mtangazaji wa mechi za gemu huko Dar, watu maelfu wanakusikiliza kwenye simu zao. Wewe na Mfaume mlilala kitanda kimoja hapa kwangu tangu baba yako alipoletwa Tabora na kazi ya reli. Jina hilo ni la baba yangu mzazi, mimi ndiye niliyempa mwanangu. Na mwezi wa sita tunataka kumwoza. Tumeshapeleka posa kwa kina Anifa, na kaka zake Anifa wana midomo. Niambie, neno hili limetoka wapi?

Mama yako na mtani wako,
Mwanahawa

Mbagala, Dar es Salaam
19 Machi 2023

Shikamoo mama,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Lakini ninyi Wanyamwezi magoti lazima yawaume! Mmetembea kwa miguu toka Tabora hadi pwani mizigo ya watu ikiwa kichwani, mlipofika mkaulizia njia ya kurudi. Mimi mzima kabisa. Nakula, ila sijapata wa kunipikia ugali kama wako, hilo nakiri ingawa ni aibu kumsifu mtani.

Kuhusu neno, usikasirike, mama. Lilianzia kibandani kwa Ngollo, pale tulipokuwa tunacheza gemu, mwaka 2016. Ilikuwa fainali ya kibanda, mimi na Mfaume. Alikuwa ananiongoza matatu kwa moja, zimebaki dakika chache. Ghafla akaweka pedi ya gemu juu ya stuli, akainuka, akaondoka bila neno. Nikafunga mabao niliyohitaji peke yangu, nikawa bingwa. Tangu hapo, mtu akiacha mechi huku anaongoza tulisema amepiga Mfaume. Lilikuwa neno la heshima. Maana yake ulikuwa umeshinda, ukamwachia mwenzako.

Nilipofika Dar sikuwa na mtu, mama. Nilipoanza kutangaza nikatafuta maneno ya nyumbani ili nisijione mgeni. Hilo watu walilipenda kuliko yote. Ila huku mtu haachi mechi anayoongoza, huku wanachomoa waya wakifungwa. Basi na neno likaenda huko. Mimi sikuligeuza. Lugha ni ya watu, siwezi kumshika kila mtu mdomo.

Mwambie Mfaume asinune. Ni utani tu, na sisi ni watani toka enzi za babu zetu.

Mwanao mtani,
Abbasi

Itetemia
2 Aprili 2023

Abbasi mwanangu,

Tumo mfungoni, alhamdulillahi, na mwenye saumu hapaswi kutukana, kwa hiyo una bahati. Goti lile lile.

Umenidanganya. Nilikuuliza nikilijua jibu, nilitaka ulitoe mwenyewe. Neno hilo halikuzaliwa kibandani kwa Ngollo. Lilizaliwa uani kwangu.

Siku ile jirani yetu Mwanajuma alisimama mlangoni pa kibanda akampungia Mfaume mkono, kwa sababu mume wangu Nurdini alikuwa ameanguka kwenye benchi lake la useremala. Mwanangu aliweka pedi akakimbia. Alimkuta baba yake bado ana pumzi, na yeye ndiye aliyemfumba macho. Alikuwa na miaka kumi na saba. Wewe haya unayajua, maana ulikuja jioni ile ile na kulia kuliko wenye msiba.

Siku ya tatu ya matanga ukainuka kama inavyompasa mtani. Ukachukua kandambili mbili ukazifanya pedi, ukaigiza mwanangu anavyocheza, ukaziweka chini, ukatembea kwa mashavu yaliyovimba kama yake ukisema, “Nawaongoza matatu kwa moja, naenda kuzika, ole wenu mniguse!” Kisha ukawatangazia watu kwamba kuanzia leo hiyo inaitwa kupiga Mfaume. Uwanja mzima ulicheka. Mfaume alicheka. Na mimi, niliyekuwa sijafungua kinywa siku tatu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakupa kuku wako, maana mtani akishaliwaza nyumba hapewi asante kavu.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kulitunga. Nakulaumu kwa kulibeba. Utani wa msibani huachwa msibani, Abbasi. Hilo hukuhitaji kufundishwa, baba yako alilijua na babu yako alilijua. Wewe uliliokota matangani ukaenda kulipanga barazani kwa watu ambao si watani wa mwanangu na hawakuja kumzika baba yake. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Sasa usaha huu hapa. Kaka zake Anifa wametuma ujumbe. Wanauliza kama dada yao anaolewa, au anakuja kupigiwa Mfaume. Walisema wanatania. Wao si watani zetu.

Ninachotaka ni kimoja. Panda basi uje. Ukae uani pale pale, mbele ya kaka zake Anifa na wazee wachache, useme kwa mdomo wako neno lilitoka wapi na mwanangu alikuwa anakimbilia nini. Watu kumi wanatosha. Tabora ni ndogo, hao kumi wataifanya kazi iliyobaki. Usinitumie kitu. Njoo.

Mama yako,
Mwanahawa

Mbagala
30 Aprili 2023

Shikamoo mama, na heri ya Idi japo imepita,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Kila ulichosema ni kweli. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu. Nimekuwa nikijiambia miaka yote kwamba lilianzia kibandani, mpaka nikaamini. Nisamehe mama.

Nimefikiria namna ya kurekebisha. Nikija huko nitasema mbele ya watu kumi. Lakini walioharibu ni maelfu, na hao wako kwangu kila Jumamosi. Basi jana nilisimamisha mechi katikati, nikaenda laivu, nikawaeleza yote. Kibanda, stuli, Mwanajuma mlangoni, mzee Nurdini kwenye benchi, macho yalivyofumbwa. Mama, nililia. Sikupanga kulia. Watu elfu arobaini walikuwa wanatazama na hakuna aliyecheka. Wameandika pole mpaka simu ikapata moto. Kijana mmoja wa Ulyankulu, anaitwa Nijimbere, ameandika kwamba hatalitamka tena maishani mwake.

Nadhani tumelimaliza. Mfaume simpati kwa simu, ila mwonyeshe, kila mtu anayo hiyo video. Mimi nitakuja hata hivyo, mwezi wa saba, mashindano yakiisha.

Mwanao,
Abbasi

Itetemia
28 Mei 2023

Abbasi,

Goti si kitu. Nauliza hali yako kwa sababu ndivyo barua inavyoanzwa.

Nilikuambia usitume, njoo. Umetuma.

Mfaume aliiona kabla yangu. Alionyeshwa sokoni na mtu asiyejua kuwa ni yeye. Mtu fulani alikuwa amepunguza maneno yako, akaweka muziki wa kinanda chini yake, na mahali unaposema “akamfumba baba yake macho” akaweka picha ya mzee fulani wa Kihindi. Mwanangu alisimama akaangalia mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema ahsante.

Kifo cha mume wangu, Abbasi, hata ndugu zake wa Urambo sikuwasimulia hivyo. Kilikuwa cha watu watatu, Nurdini, Mfaume na mimi. Wewe tulikuingiza ukawa wa nne.

Unasema mmelimaliza neno. Nisikilize. Wiki iliyopita mjukuu wa Mwanajuma alirudi kutoka shule analia. Mama yake alifariki mwezi wa pili. Watoto wenzake wamemwambia, “Wewe umepigwa Mfaume.” Ndiyo maana yake sasa. Kufiwa na mzazi. Kwanza lilikuwa kukimbia, ukaenda kulisafisha, limerudi limekuwa msiba. Mwanajuma, aliyekuja kumwita mwanangu siku ile, amekaa kwangu jioni nzima tukibangua karanga.

Kaka zake Anifa nao walikuja. Safari hii hawakutania. Walikuja na sukari na nyuso za huruma, wakamshika Mfaume mabega wakamwita maskini. Kejeli zao alikuwa anaziweza. Huruma ndiyo iliyomshinda. Usiku hakula, alfajiri akafunga godoro kwenye baiskeli akaenda Ipole kwenye mizinga ya nyuki. Posa imesimama. Anifa analia kwao.

Bado kuna njia ya basi. Inaanzia Mbagala na inaishia hapa. Nakuomba kwa mara ya mwisho, na mimi si mtu wa kuomba.

Mwanahawa, mama yako

Mbagala
13 Agosti 2023

Shikamoo mama,

Naomba Mungu barua hii ikukute salama. Mimi si mzima sana, usingizi umeniruka.

Nimeifuta video, lakini wengine wanayo. Nimelipiga marufuku neno kwenye kipindi changu. Watu wanaliandika kwa herufi nyingine. Juzi nilimsikia mtangazaji wa mpira wa kweli akilisema redioni, wala hajui lina mwenyewe.

Najua nimechelewa. Mwezi wa saba mashindano yaliongezwa, nikaona nikiondoka nafasi yangu atapewa mwingine. Naandika hivyo bila kujipamba. Ukweli mwingine ni kwamba naogopa. Nikikumbuka uso wa Mfaume naona bora nizungumze na watu elfu arobaini kuliko yeye mmoja. Nitakuja mwisho wa mwaka, wallahi. Niandikie hata tusi moja, mama. Niite mla nauli za wapagazi, niite chochote.

Mwanao,
Abbasi

Mbagala
22 Oktoba 2023

Shikamoo mama,

Kulwa anasema barua ya mwezi wa nane alikukabidhi mkononi. Je, mpo salama? Mfaume amerudi? Naomba jibu.

Abbasi wako

Itetemia, Tabora
14 Januari 2024

Kwa ndugu Abbasi,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta ukiwa na afya njema pamoja na wote wanaokuhusu. Sisi hatujambo.

Barua zako mbili nilizipata, pamoja na mzigo uliompa Kulwa mwezi wa kumi na mbili. Shukrani. Mzigo nimempa aurudishe.

Uliuliza habari za mwanangu. Yupo Ipole na anaendelea vizuri. Mizinga yake imefika arobaini. Anifa alimfuata huko mwezi wa kumi na moja, kwa hiari yake, bila kaka zake, wakafungishwa ndoa na shehe wa pale. Mimi nilikwenda kwa pikipiki. Watu wa Ipole wanamwita Saidi. Ndilo jina alilowatajia siku aliyofika, na ndilo shehe aliloandika kwenye cheti.

Nilikaa siku nne. Siku ya kwanza alikuwa ng'ambo ya mizinga, nikamwita kwa jina nililompa. Hakugeuka. Nikadhani hakusikia, nikaita tena kwa nguvu, na wewe unaijua sauti yangu. Anifa akaja akanishika mkono, akaniambia polepole jina la kuita. Nikaliita. Akageuka pale pale, akasema, “Naam, mama,” akaja anatabasamu.

Kwa hiyo baba yangu hana tena mtu wa jina lake. Nimebaki nalo mimi, na nikifa limekwisha.

Uliniomba tusi. Nilikaa na kalamu jioni tatu nikitafuta. Yapo mengi, tuliyatumia miaka kumi hapa uani na hayakupungua. Lakini nikiandika naona ninamtukana mtu nisiyemjua, na mtu usiyemjua humtukani. Kwa hiyo nimekuandikia kwa adabu. Ukija Tabora kwa shughuli zako, karibu upite, utapewa maji ya kunywa na kiti.

Nakutakia kazi njema.

Wako,
Bi. Mwanahawa binti Mfaume