Ufuo Aliouchagua Mama

Kwako kaka yangu, Bwana Sufuria,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako. Wengine huuliza kwa mazoea tu, lakini mimi nauliza kwa kumaanisha, kwa sababu katika nyumba hii anayejua kwamba uko hai ni mimi peke yangu. Mimi sijambo. Bado niko kwenye kiwanda cha mikate na mikono yangu bado inaungua kila siku, kama ulivyoiacha. Mama naye hajambo, tena hajambo sana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Uliponipigia kwa simu ya kuazima nililia mpaka msimamizi akadhani nimeangukia tanuri. Tulikuwa tumekulilia mwaka mzima, wewe na mabaharia wenzako wote waliozama na ile meli, kumbe mpishi wao alikuwa ameshuka kimyakimya kwenye bandari ya kabla ya hapo na kujificha ugenini bila hati. Uliniomba nisimwambie mtu. Nilikujibu kwamba mama simfichi, nawe ukakubali, ila ukanisihi nimwambie taratibu.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Likizo yangu ilikuwa imekaribia, nikaona habari kama hiyo haifai kusemwa jikoni, huku maji ya kuogea yanachemka. Nitampeleka baharini, nikajiambia, nimkalishe kwenye mchanga mweupe chini ya mwavuli, ndipo nimwambie. Tangu upotee hakuwa amegusa cherehani, aliifunika shuka kama maiti. Nilidhani atakataa hata kusikia neno bahari, lakini alikubali kabla sijamaliza kusema, akaanza kupanga nguo. Nami, mjinga wa wajinga, nikafurahi.

Kwenye nyumba ya wageni, msichana wa mapokezi alitueleza fukwe zote za mji ule kwa madaha. Kuna wa hoteli, alisema, ambao mchanga wake huchekechwa kila asubuhi. Kuna wa watoto, maji hayapiti magoti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza upi ni mchafu kuliko yote, ule ambao bahari hutupa takataka zake. Msichana wa watu alidhani mama ni mkaguzi wa afya, akaanza kujitetea. Mwishowe alisema ni ule wa nyuma ya gati bovu, ila hakuna mgeni mwenye akili zake anayekwenda huko.

Tulipofika chumbani tuligombana. Nilishikilia ufuo wa hoteli, nikapandisha sauti, Mungu anisamehe. Mama aliniambia niende mwenyewe nikaote jua, yeye amekuja kumtafuta mwanawe. Kaka, maneno yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikayameza. Nilikuwa nimeudhika, tena nilikuwa bado naitaka ile siku yangu nzuri niliyoipanga. Nikajisemea kwamba kesho atauona uchafu wenyewe, atachoka, tutahamia kwenye mwavuli na nitamwambia.

Kesho yake, kule nyuma ya gati, palikuwa panatia kinyaa. Chupa, kamba, viatu vya upande mmoja, mwani uliooza. Mama alitembea ameinama kama anayeokota pini sakafuni. Chini ya gati mawimbi yalikuwa yamechimba mchanga, na hapo, kati ya nguzo, akaiona mifupa ya mtu. Ya juu ilikuwa imechukuliwa na maji. Iliyobaki ilikuwa ya miguu na nyonga, ndani ya suruali iliyochakaa. Mimi nilirudi nyuma. Yeye alipiga magoti, akakipindua kiuno cha suruali, akatazama kwa ndani. Pale nyuma kulikuwa na ile pembetatu ndogo anayoishona kwa uzi uliokunjwa mara mbili ili suruali isifumuke mtu akiinama. Akasema huo ni mkono wake. Akasema kwamba umerudi.

Lakini wewe na mimi tumekulia chini ya meza yake ya kukatia. Tunajua ni wasichana wangapi wamejifunza kwake, na kwamba hakuna aliyeondoka bila kuijua pembetatu ile. Mama huyohuyo ndiye aliyewachapa vidole kwa rula mpaka mishono yao isitofautiane na yake. Sasa hata yeye hawezi kuitofautisha.

Kaka, kilichobaki ni hiki. Askari aliyeitwa pale ufuoni alitaka mtu wa pili wa familia athibitishe. Mama alikuwa ameikumbatia ile suruali, analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Askari aliniuliza kama nami naitambua kuwa ni ya kaka yangu. Nikasema ndiyo. Nikaweka sahihi. Nilidhani naahirisha tu mpaka alie amalize. Tumekuzika hapa nyumbani, kaka. Jina lako lote limeandikwa kwenye saruji.

Siku hizi mama anakula, analala, na cherehani inalia tangu asubuhi. Nilikuwa nimekata kauli nikwambie usirudi kabisa. Lakini jana alikuja mama mmoja muuza mboga, ametoka mji ule wa pwani kutupa pole. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, alipotea walipokuwa wakikarabati lile gati. Alisema anajisikia kama ndugu yetu, maana suruali za kazi za mwanawe zilishonwa na msichana aliyejifunza kwa mama. Mama hakushtuka. Alimshika mikono, akamwambia asikate tamaa, aendelee kutafuta palepale chini ya gati. Yule mama alishukuru sana, akasema ataanza leo.

Nimeshindwa kuvumilia, kaka. Nikishaitia barua hii posta nitaingia ndani nimwambie mama yote, na nikitoka hapo nimfuate yule mama. Wewe rudi, hati ziwepo au zisiwepo, uje uonekane kwa macho. Sijui utamkuta mama wa namna gani.

Wasalimie wote wanaokutunza huko. Majirani wangekusalimu kama wangejua. Mama hana salamu kwako katika barua hii, sasa hivi ameshika ndoo, anakwenda kumwagilia maua yako.

Ni mimi dada yako,
Kidole Moto