Mwenye Nyumba na Nusu Alama

Mpendwa mshauri Bi Kreszenz, naomba msaada, tena tafadhali usiniweke kwenye foleni, maana nina miaka tisini na moja na daktari ameniambia kwamba nikiyaona maua ya mitofaa mwaka huu nishukuru, nami nimeshukuru mapema ili nisisahau. Nilifundisha Kilatini katika mji huu wetu wa Eichstätt kwa miaka thelathini na minane, na kosa langu ni la sarufi, usicheke.

Kilatini hakina "ya" wala "wa" ya kuonyesha kitu ni cha nani, bali neno hubadilishwa mkia, na nomino zimegawanywa katika ngeli tano, kila ngeli na mikia yake, ila neno la nyumba, domus, ni korofi, liko ngeli ya nne na huiba mikia ya ngeli ya pili. Basi miaka arobaini na sita iliyopita nilitoa mtihani, wanafunzi waandike "mwenye nyumba", nikitaka dominus domus, na msichana mmoja, Walburga Zellhuber, akaandika dominus domi, na domi kwa kawaida maana yake ni "nyumbani", nami nikaisoma kwa sauti mbele ya darasa: "Zellhuber, huyu bwana wako yuko nyumbani, lakini nyumba si yake!" Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo mji mzima unamwita Domi. Alifeli kwa nusu alama, ileile niliyomkata hapo, akatakiwa kurudia darasa, akakataa, baba yake akamtia kwenye karakana ya kuchonga mawe ya makaburi.

Alhamisi ya wiki ileile, kabla matokeo hayajatangazwa, nilifungua kitabu kikubwa cha sarufi kwa jambo jingine kabisa, nikakuta kwamba waandishi wa zamani sana walitumia domi kwa maana ya "ya nyumba". Nikakifunga kitabu. Nilikuwa nimeshacheka mno, Bi Kreszenz, ningerudije darasani?

Sasa Walburga ndiye mchonga mawe bora hapa, na Jumanne alikuja na futi na penseli kuniuliza niandikiwe nini kwenye jiwe la kaburi langu, akala soseji zangu mbili akazimaliza na haradali, akasema, "Sema upesi, Mwalimu, wewe si wa kusubiriwa." Nikamwambia, "Weka jina tu." Akasema, "Jina tu? Mtu uliyetutesa na mikia miaka yote hiyo? Niandikie maneno mawili matatu ya Kilatini, ila uyakague mwenyewe, unajua mimi na ngeli ya nne tuliachana vibaya." Akacheka. Mimi nikakohoa, akadhani ni kifua.

Nimwambie, au nimwachie barua aifungue nikishazikwa?

Korbinian Hefele

*

Mwalimu Hefele,

Barua ya kufunguliwa ukishazikwa? Hivyo ndivyo afanyavyo mtoto anayebonyeza kengele ya jirani akakimbia. Yeye akuchongee jiwe kwa mapenzi, halafu asome hayo akiwa peke yake, bila mtu wa kumgombeza? Hapana, bwana. Pole kwa mwili uliochoka, lakini mdomo wako, naona, bado mzima.

Mimi mwenyewe nilifeli Kilatini, kwa hiyo nimeisoma barua yako kwa raha isiyo ya heshima. Tena nakuuliza: nusu alama ilikuwa yako au yake? Wewe unayejua mikia yote ya ngeli tano, hilo la "ya nani" ndilo lililokushinda.

Mwite kesho. Mpikie soseji nne, si mbili. Weka kitabu cha sarufi mezani, mwonyeshe mstari, useme: "Ulikuwa sahihi. Nilijua tangu Alhamisi." Kisha unyamaze. Usimwambie kwamba mwishowe maisha yake yamekuwa mazuri, hayo ni yake kusema, na huenda asiyaseme. Akikasirika, kaa hapohapo. Akiondoka, usimfuate kwa visingizio. Daftari lako la alama najua unalo, walimu hamtupi kitu. Chukua kalamu nyekundu, usahihishe mbele yake, utie sahihi na tarehe.

Na kuhusu jiwe: akikubali bado kulichonga, mwombe aandike neno moja chini ya jina lako. DOMI. Wapita njia watasoma kwamba Hefele yuko nyumbani. Walburga atasoma nusu alama yake. Na akitokea mwalimu wa Kilatini akasimama pale kubisha kwamba mkia huo si sahihi, mwache abishe hadi jioni. Angalau utakuwa na mgeni.

Kreszenz