Nani Aliyeomba Mlango Ufunguke?

Nyuma ya saluni,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu,

Usirukie mwisho wa karatasi kutafuta nani kafa. Hajafa mtu. Mimi mzima, ila miguu inavimba nikisimama sana. Baba yako mdogo mzima pia, anakohoa kidogo na kulalamika sana. Wewe je, kifua kimepona? Huko kwenye baridi unavaa soksi nzito, au bado unajifanya kijana? Na mkeo na mtoto, hawajambo?

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe maana limenikaa kooni. Yule mwongozaji anayekitengenezea filamu kitabu chako amekuja hapa saluni.

Alikuja Jumanne, watu wamejaa. Shati limenyooka, viatu havina hata vumbi, naye kila mwanamke alimwita mama. Hata msichana anayefagia nywele, mama! Mtu mwenye adabu nyingi kiasi hicho kabla hajaomba kitu, mimi namtazama kwa jicho la pembeni.

Unajua kitabu chako tunavyokisoma hapa. Mimi nikisuka, mteja anayesubiri anasoma kwa sauti, zamu yake ya kusukwa ikifika anampokeza anayefuata. Ndiyo sheria ya saluni, husomi husukwi. Kwa hiyo hicho chombo chako kinachosafiri kati ya nyota tunakijua kuliko mitaa yetu. Mwalimu wa hesabu anakwambia hewa imebaki kiasi gani katika kila sura. Mama Mapacha ana kinyongo na nahodha, ukimtaja tu anasonya.

Basi mgeni akatoa picha ya mwigizaji atakayekuwa fundi hewa, yule mama wa kwenye kitabu. Mwanangu we! Nywele zimemwagika mpaka kiunoni, midomo inang'aa, kucha ndefu. Nikamuuliza, kwa kucha hizo atafungua bomba gani? Mama Mapacha akadakia, mle ndani si vitu vyote vinaelea, hizo nywele hazitaingia kwenye vikombe vya watu? Saluni nzima ikaangua kicheko. Mgeni naye akacheka, na hilo ndilo lililozidi kunitia wasiwasi. Mwenye nia safi angeona haya kidogo.

Akasema ndiyo maana amekuja. Anataka nimsuke mwigizaji wake ule mtindo wa twende kilioni, na ule mstari mmoja mwembamba unaokata juu ya sikio la kushoto. Nikashtuka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimsuka dada yangu, mama yako. Lakini kitabuni uliandika tu kwamba nywele zilisukwa, hukusema vipi. Nani kamwambia huyu habari za sikio?

Nikampa kiti, nikaanza kumtega. Nikamuuliza fundi hewa huimba wimbo gani akiwa kazini. Akajibu palepale kwamba haimbi, anahesabu skrubu kwa sauti. Sawa, kitabu amesoma. Sikulainika.

Nikamuuliza habari ya mwisho. Hapo akaanza kuzungusha kofia mikononi. Mwisho kila mtu hapa anaujua. Mlango wa chuma umeharibika, lazima mtu aufunge akiwa upande usio na hewa, na fundi hewa anaufunga mwenyewe. Mwanawe anamwona kupitia kioo kidogo, mpaka mkono wake unaacha kupunga. Siku tuliyousoma ukurasa ule, sikusuka tena. Wenzangu walikuwa wanamlilia mtu wa kwenye hadithi. Mimi nilijua unaandika nini. Nilisimama kando yako kwenye kioo cha ile wodi ya waliotengwa, mama yako yuko ndani, wewe unapunga, na muuguzi anakukataza kugusa.

Akasema kwenye filamu mlango utafunguka. Mama atatoka mzima.

Nilimfukuza. Nakwambia kweli, nilimfukuza na kitana mkononi. Nikamwambia dada yangu si wa kuuzia tiketi. Kama watu wanataka kutoka sinema wanatabasamu, wafufue mama zao, huyu watuachie tuliomzika. Mwalimu wa hesabu, mtu mpole yule, alimfungulia mlango atoke upesi.

Pale mlangoni ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye aliutaka mwisho wa kitabuni. Wewe ndiye uliyemwomba aubadilishe.

Sikumwamini, na mpaka leo simwamini sana. Watu wa biashara wakibanwa humsukumia lawama aliye mbali. Lakini ule mstari wa juu ya sikio tunaoujua tumebaki wawili tu, na mimi sikumwambia. Kwa hiyo sasa nakushuku wewe. Nimekuandikia badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utasema, "Mama mdogo, usijali," kisha mtandao utakatika kwa bahati.

Kama amekusingizia, niambie, akirudi atanitambua. Kama ni kweli, nimekukasirikia. Ulipomwacha nyuma ya mlango nililia, lakini nilikuelewa, maana ndivyo ilivyokuwa. Sasa nikae kwenye kiti cha sinema nimwone dada yangu anatoka, halafu taa ziwake! Nitarudi nyumbani na nini mimi?

Nimeiacha barua kidogo, nimekwenda kuanua nguo, nimerudi. Nimewaza kwamba labda unataka kumwona akitoka mara moja tu, hata kama ni uongo mtupu. Kama ni hivyo, mwanangu, hata mimi nataka. Nataka mpaka naona aibu.

Msalimie mkeo, mbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili. Baba yako mdogo anakusalimu, shangazi zako pia, na fundi viatu wa jirani anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mzuri, na akupe moyo wa kunijibu kweli.

Ukinijibu kwamba ni wewe, nitamsuka huyo mwigizaji. Lakini mwambie mwongozaji wako mlango ukifunguka asiweke muziki, na watu wasikimbiliane kukumbatiana. Mama atoke amechoka, kama alivyokuwa anatoka kazini. Avue viatu, amtazame mwanawe, aulize, "Umekula?" Basi. Akiongeza neno lingine, atakuwa si yeye.

Wako akupendaye, hata leo ninapokushuku,
Mama yako mdogo.