Benchi Tupu la Majengo

Dada Felista,

Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye niliyekuwa nikikukimbilia nikichanganyikiwa. Nyeri ni baridi ile unayoichukia, ukungu mpaka saa sita mchana. Chai yangu imepoa nikimwandikia mtu asiyeweza kunijibu. Usinicheke.

Tulipotoka kukuzika kwenu Machakos, nilirudi kufungua chumba chetu cha kliniki mtaani Majengo. Jumanne, siku ya watoto, nikatundika mizani, nikapangusa benchi, nikangoja. Hakuja mtu. Jumanne iliyofuata vilevile. Akina mama walikuwa wakipita hapo nje na watoto mgongoni, wananisalimia vizuri kabisa, "Sista, habari ya kazi?", halafu wanakwenda zao. Nilikasirika, Dada. Nikasema hawa hawana shukrani. Si tulihangaika mimi na wewe, wauguzi wawili tu, kukipata chumba kile, kwa sababu kule hospitali kubwa mama wa Majengo alikuwa akitazamwa viatu kabla ya kutazamwa mtoto?

Unakumbuka siku ya kwanza ya mizani? Mama Zuhura, yule wa mandazi karibu na msikiti, alipoona mtoto ananing'inia kwenye ndoano alikuja juu: "Ati mnapima mtoto kama nyama ya buchari! Na kila mtu anaangalia!" Mimi nikaanza kumhubiria faida za kupima uzito. Wewe ulimwomba leso yake, ukaifunga mbele ya mizani kama pazia, ukasema, "Haya, mama, buchari imefungwa." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo benchi halikututosha.

Sasa, katika zile wiki za benchi tupu, ndipo wakubwa wa mkoa walipokuja kuona kazi yetu imefika wapi. Waliingia, wakaona mizani, leso na mimi. Mkubwa wao, mtu mpole tu, akaniambia, "Sista, tumejifunza kwamba watu wa hapa hawana haja na huduma hii." Wanataka chumba kifungwe, mizani ihamie Mweiga, ambako akina mama wanajaa. Kesho kuna mkutano Kiriaini wa wauguzi na wakubwa, nami nimeitwa nikaeleze tulichojifunza Majengo. Sikuwa na la kupinga, Dada. Nilikubali.

Halafu Jumanne wiki hii nikakuta benchi limejaa, wengine wamekaa sakafuni. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Nikamuuliza Mama Zuhura, mlikuwa wapi nyinyi? Akanishangaa.

"Si tulikuwa na msiba, sista? Shehe alisema hatuwezi kumsomea Felista, hakuwa wa dini yetu. Sasa sisi tukasema, basi tutamnyamazia hapa kwake mpaka arobaini iishe. Ulitaka tuingie kwa chumba yake tukicheka na watoto?"

Nililia hadi nikashindwa kusoma mizani. Wamekukalia matanga, wewe Mkamba wa kanisani, na mimi niliyefanya kazi nao miaka sikujua. Yule mkubwa angejuaje? Aliona benchi tupu. Mimi pia niliona benchi tupu.

Lakini ngoja, hapo ndipo ninapopotea kabisa. Najua ungewagombeza. "Mnanililia mimi, na chanjo ya mtoto je?" Mtoto wa Halima, yule tuliyekuwa tukimpima kila Jumanne, amekonda sana katika wiki hizo, na hilo siwezi kulifunika kwa leso. Kwa hiyo tulifaulu au hatukufaulu? Kama walikuwa wakija kwa ajili yako, basi tulijenga kliniki ya mtu mmoja, na mtu huyo ametuacha. Nikisema hivyo kesho, watafunga. Nikilinyamazia hilo, nikasimulia ya leso tu, wauguzi wenzangu watarudi kwao watundike leso kila mahali wakidhani ndiyo dawa. Nimeandika hotuba, nikaichana. Nimeandika nyingine, hiyo pia nimeichana. Natamani hata unitukane kidogo.

Jana nilimweleza Mama Zuhura yote, pamoja na habari ya kufungwa. Alikuwa anakanda unga. Akasimama, akafuta mikono.

"Kwani hiyo chumba ni ya nani?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ni ya serikali. Nikataka kusema ni yako. Nikamwomba twende naye Kiriaini.

Basi kesho tunakwenda wote. Yeye ataeleza habari ya arobaini kwa mdomo wake, mimi nitaeleza habari ya mtoto wa Halima, na wala sitapunguza neno. Sijui kama watatuelewa, maana hata mimi sijielewi vizuri. Mkutano si wa watu wa mandazi, nalijua hilo.

Pumzika, Dada yangu. Ile leso ya mizani sitaiondoa mpaka wenyewe waniambie niiondoe. Na kesho wakinizuia mlangoni, wakiuliza huyu mama niliyekuja naye ni nani, nakuahidi sitababaika. Nitawaambia ndiye mwenye chumba.

Wako,
Rispa