Mikono ya Baba, Miguu Yako

Chanika,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Stephano,

Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje, na baridi ya huko Moshi? Sie tupo. Mama mzima, kuku wake wanatagia mpaka kwenye beseni la nguo. Simu zangu hupokei, basi barua nimempa jirani yetu Jonas, anakuja huko, akukabidhi mkononi, nione kama na yeye utamwambia huna chaji.

Baba anaumwa. Usishtuke, yupo nyumbani na anakula. Ila tangu Machi kuchonga kunamshinda. Akipiga tezo kidogo tu mikono inalegea, anakaa. Mama akawa anampikia supu ya kongoro, mie namchua mabega kwa mafuta ya nazi, kumbe kosa wala halikuwa mabegani!

Juzi nikamburuza hospitali. Daktari akambana kidole na kile kidude cha kupima oksijeni, akatikisa kichwa. Unamjua baba: miaka yote anapiga msasa mpingo huku dirisha kalifunga, eti wachongaji wenzake wasimwibie mtindo. Vumbi lote kalivuta yeye. Mapafu yameharibika, hewa haifiki kwenye misuli. Daktari akasema msuli ukikosa oksijeni huchoka upesi hata uwe na nguvu vipi, na hali ikiendelea husinyaa. Mtu, mbuzi, ng'ombe, wote sawa. Akaongeza kwamba hata kijana mzima akipanda Kilimanjaro miguu humgomea, kwa kuwa hewa ya kule ni haba.

Baba akainama. Nilijua anakumbuka nini. Ulipotoka kwenye safari yako ya kwanza ya upagazi, ukatusimulia ulivyokaa chini kwenye kambi ya juu, miguu imekataa. Akakuita goigoi mbele ya wageni wote, siku ya kipaimara cha mdogo wetu Editha. Miaka mitatu sasa hujakanyaga hapa. Na mie nilicheka siku ile, Stephano. Naona aibu. Nisamehe.

Dirisha sasa liko wazi. Anatumia dawa, na ameambiwa atembee kidogo kidogo kila siku. Hataki kuzunguka uani, anashika njia ya kituo cha basi tu. Jana alisimama kashika ukuta wa nyumba ya watu, anahema, nikamwambia turudi. Akagoma.

"Mwambie... goigoi ni mimi," akasema. Akapumzika kwanza. "Siku akija... nataka nimpokee kituoni. Kwa miguu yangu."

Nikalia palepale njiani, watu wanatutazama.

Nisalimie wifi yangu Kokushubila, umbusu na mtoto. Mama na Editha wanakusalimu sana. Mungu akulinde upandapo na ushukapo.

Ni mie dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Filomena

Leo baba amefika dukani kwa Mwishehe, kasimama mara sita. Kutoka hapo mpaka kituoni ni nyumba nane. Njoo.